Picha ya Angani ni Qarina: Uhakiki wa Habari za Ngome za Warumi katika Jangwa la Sham

Ijumaa moja khatibu alisema juu ya mimbari kwamba satelaiti zimegundua karibu ngome mia nne za majeshi ya Rum katika jangwa la Waarabu, na kwamba kwa ugunduzi huo Surat ar-Rum imethibitishwa mbele ya macho ya wasioamini. Watu walifurahi. Baada ya sala alinijia kijana mmoja aliyesomea jiografia akaniuliza: "Sheikh, haya ni kweli?" Nikamjibu kwamba sijui. Tukakubaliana azitafute tafiti zenyewe, si habari zake magazetini, tuzisome pamoja. Yeye anaijua lugha yao na ramani zao, mimi naijua nchi ile kupitia vitabu vyetu.

Makala hii ni matunda ya kusoma huko. Si nia yangu kumfedhehesha khatibu, kwani kosa lake ni la wengi. Habari ikija peke yake tunauliza: nani kasema, kaipata wapi? Lakini habari ikija na picha tunanyamaza, kana kwamba picha haina msimulizi.

Tafiti mbili za mwaka 2023

Ndugu msomaji, tafiti zinazohusika ni mbili, na zote zilitoka mwaka 2023 katika jarida la Antiquity la Uingereza. Khatibu alizichanganya zikawa moja.

Ya kwanza ni ya Michael Fradley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford. Walikuwa wakikagua picha za satelaiti za Google Earth wakaona alama za kambi tatu za muda, zilizopangana jangwani kutoka upande wa Bayir, nchini Jordan, kuelekea Dumat al-Jandal, ambayo leo imo Saudi Arabia. Kila kambi ni mstatili wenye pembe zilizoviringwa, mfano wa karata, na kila upande una lango linalotazamana na lango la upande wa pili. Umbali kati ya kambi na kambi ni baina ya kilomita 37 na 44. Huo ni mrefu mno kwa askari wa miguu kwa siku moja, hivyo watafiti wakaona kwamba huenda jeshi lilipanda wanyama. Kisha wakaziunganisha kambi hizo na mwaka 106 Miladia, pale Kaisari Trajan alipoutwaa ufalme wa Anbat, yaani Wanabati wa Petra. Wanahistoria wengi walidhani ufalme ule ulitwaliwa bila vita kubwa, kwa sababu sarafu za Trajan zinaiita Arabia nchi "iliyopatikana", hazisemi "iliyotekwa". Kambi hizi, wasema watafiti, zinaonyesha kwamba upanga ulitumika.

Ya pili ni ya Jesse Casana na wenzake wa Marekani, na hii ndiyo yenye ngome nyingi. Ili tuielewe inabidi turudi nyuma karibu miaka 90. Kati ya mwaka 1925 na 1932, Sham ikiwa chini ya Ufaransa, padri Mjesuti wa Kifaransa aliyeitwa Antoine Poidebard aliruka kwa ndege juu ya jangwa la Syria akipiga picha. Alichagua saa ambazo jua liko chini, ili hata tuta dogo lilaze kivuli kirefu na mistari ya kuta zilizofukiwa ionekane. Mwaka 1934 alichapisha kitabu chenye ngome 116, na akaeleza kwamba zilikuwa mstari wa ulinzi kutoka kaskazini hadi kusini, uliojengwa ili kuwazuia Waajemi na makabila ya Waarabu wa badia. Rai hiyo ilipokewa na kurithishwa kizazi hadi kizazi.

Casana na wenzake walichukua picha za satelaiti za kijasusi za Marekani, Corona (1960 hadi 1972) na Hexagon (1971 hadi 1986), ambazo zilikuwa siri kisha zikafunguliwa kwa umma. Walipekua eneo la kilomita za mraba zipatazo 300,000. Katika ngome 116 za Poidebard waliweza kuzitambua kwa yakini 38 tu, lakini wakaona nyingine 396 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Nazo hazikusimama kama ukuta wa kaskazini na kusini. Zimetawanyika mashariki hadi magharibi, kutoka upande wa Mosul kwenye mto Dijla hadi upande wa Halab. Wakahitimisha kwamba mpaka ule ulikuwa eneo la njia, biashara na misafara, na ngome zilikuwa vituo vya kuwalinda na kuwapumzisha wapitao.

Haki yao

Uadilifu unatutaka tuanze na haki ya mtu kabla ya kasoro yake. Watafiti hawa wa pili wamefanya jambo ambalo wanafunzi wa Hadithi watalielewa mara moja: wamekwenda kumtafuta shahidi asiye na maslahi.

Poidebard hakuwa mwongo, na picha zake zina thamani hadi leo. Lakini alikuwa shahidi mwenye rai. Aliruka juu ya sehemu alizotarajia kuona mpaka wa Warumi, akaona mpaka. Aliruka pia katika ndege za dola iliyokuwa ikitawala Sham na iliyopenda kujiona mrithi wa Rumi. Anayetafuta mahali pamoja ataona vya mahali hapo, kisha atadhani kwingine hakuna kitu.

Satelaiti za Corona hazikutumwa kutafuta Warumi. Zilitumwa kutafuta makombora na viwanja vya ndege vya kijeshi. Filamu zake ziliteremshwa duniani ndani ya vibweta vyenye miavuli na kudakwa na ndege angani, na waliozisoma hawakuwa na haja yoyote na ngome za kale. Kwa hiyo zilipopita juu ya badia ya Sham zilirekodi kila kilichokuwapo, kinachotafutwa na kisichotafutwa. Huyo ni shahidi aliyesema jambo bila kujua kwamba siku moja ataulizwa.

Tena ni shahidi wa kale. Picha hizo nyingi zilipigwa kabla ya mabwawa makubwa na kilimo cha matrekta kuifunika nchi ile. Bwawa la Tabqa lilizamisha bonde la Furati katika miaka ya 1970, na bwawa la Mosul likazamisha sehemu ya bonde la Dijla katika miaka ya 1980. Kuna majengo ambayo leo ushahidi wake pekee umo katika filamu hizo. Na asiwalaumu mtu kwamba hawakwenda kuchimba: Syria iliingia katika vita mwaka 2011. Mwenye udhuru husikilizwa.

Maswali matatu

Pamoja na hayo, uhakiki una maswali yake. Jengo likionekana kutoka angani huulizwa matatu: nani alilijenga, lini, na kwa nini? Haya si swali moja, na dalili ya moja haitoshi kuwa dalili ya jingine.

Mafakihi wanaiita dalili ya namna hii qarina, yaani ishara inayoambatana na jambo ikalielekeza upande fulani. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) aliandika kitabu kizima, al-Turuq al-Hukmiyya, kutetea kwamba kadhi hapaswi kuzipuuza ishara kama hizi. Lakini Surat Yusuf inatuonyesha kanzu mbili. Kanzu iliyochanwa nyuma ilimtakasa Yusuf (a.s.). Kanzu iliyopakwa damu na ndugu zake ililetwa ili kumdanganya Yaaqub (a.s.), naye hakudanganyika. Wafasiri wengi wameeleza kwamba aliitazama akaiona nzima: mbwa mwitu gani amle mtoto na asiichane nguo yake? Zote mbili ni kanzu na zote mbili ni qarina. Iliyodanganya ilifichuliwa kwa qarina nyingine, ile ya kutochanika.

Sasa tuzipime tafiti zetu. Katika kambi tatu za jangwani, jibu la "nani" ni zuri. Umbo la karata lenye malango yanayotazamana ni desturi ya majeshi ya Rumi, limeonekana kuanzia Uingereza hadi Sham, na si rahisi kulinasibisha na wengine. Lakini jibu la "lini" limetokana na kisa, halikutokana na kambi. Watafiti walikuwa na kambi isiyo na tarehe na tukio la mwaka 106 lisilo na kambi, wakavioza. Ndoa hiyo yawezekana, lakini mashahidi wake hawajafika.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu mwaka 106 si siku pekee ambayo Warumi walikanyaga nchi ile. Dumat al-Jandal kwenyewe kumepatikana andiko la Kilatini linalomtaja akida wa lejioni ya tatu ya Cyrenaica. Al-Hijr, yaani Mada'in Salih, lilipatikana andiko la miaka ya 175 hadi 177, enzi ya Kaisari Marcus Aurelius. Kisiwani Farasan, mbali kusini katika Bahari ya Shamu, lipo andiko la kikosi cha Rumi la mwaka 144 hivi. Mlango ulikuwa wazi kwa muda mrefu, na jeshi lingeweza kupita jangwa lile mara nyingi. Picha inatuambia walipita. Haituambii mara ipi.

Somo la Udhruh

Msomaji aweza kusema kwamba nazidisha ukali. Basi tutazame Udhruh, kusini mwa Jordan, katika eneo lilelile. Jina hili si geni kwetu: watu wa Adhruh walifanya mapatano na Mtume (s.a.w.) wakati wa Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, na wanahistoria wanakhitalifiana kama mkutano wa tahkim baada ya Siffin ulifanyika hapo au Dumat al-Jandal.

Udhruh ina ngome kubwa ya lejioni ambayo kuta zake bado zimesimama. Mchimbaji aliyeifanyia kazi aliipeleka enzi ya Trajan, mwanzoni mwa karne ya pili, na rai hiyo ililingana vizuri na kisa cha kutwaliwa kwa Petra. Baadaye jiwe likapatikana lenye andiko la ujenzi, likachapishwa mwaka 2008. Jiwe likasema ngome ni ya Legio VI Ferrata, na mwaka wake ni kama 303 au 304, enzi ya Diocletian. Takriban miaka mia mbili ikaanguka kwa mistari michache ya Kilatini. Huyo alikuwa mtu mwenye jembe mkononi, anayeshika vigae na sarafu. Je, anayetazama kutoka angani?

Katika ngome 396, hata jibu la "nani" linayumba. Nyingi ni miraba yenye upande wa mita 50 hadi 80. Lakini mraba wenye minara si hati ya umiliki ya Warumi. Qasr al-Hayr al-Sharqi, katika jangwa hilohilo la Syria, ina maboma mawili, na lile dogo ni mraba wa takriban mita 70 kila upande, wenye minara ya nusu duara. Andiko lililonakiliwa hapo lilimtaja Hisham bin Abd al-Malik na mwaka 110 Hijria, sawa na 728 hadi 729 Miladia. Lau andiko lile lisingenakiliwa, na boma likabaki vumbi na kivuli, nani angemzuia mtazamaji wa angani asiliandike "ngome ya Warumi"?

Kuna pia Mshatta, kusini ya Amman, mraba wa mita 144 kila upande. Sehemu ya ukuta wake uliochongwa ilipelekwa Berlin mwaka 1903, zawadi ya Sultan Abdulhamid wa Pili kwa mfalme wa Ujerumani. Wataalamu waliokuwa na mawe yenyewe mbele yao waligombana: huyu akasema ni ya karne ya nne, yule akasema ya Waghassani, hadi Ernst Herzfeld alipotoa hoja mwaka 1910 kwamba ni ya Banu Umayya, na hiyo ndiyo rai iliyotulia. Na huko Bayir, njia ya kambi tatu inakoanzia, watafiti wenyewe wanadhani huenda palikuwa na kambi nyingine, mahali ambapo baadaye Banu Umayya walijenga ngome kisimani. Kisima ni kilekile, maji ni yaleyale, na kila dola iliyopita ilijenga hapo. Vipi tuliite eneo lote kwa jina la mpita njia mmoja?

Sharti la zama moja

Tunafika kwenye kasoro ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote, nayo haimo katika picha. Imo katika ramani.

Wanazuoni wa Hadithi hawakubali isnadi kwa sababu tu majina yamepangwa vizuri. Huuliza: je, huyu aliishi zama moja na yule anayemsimulia? Imam Muslim (aliyefariki mwaka 261 Hijria), katika utangulizi wa Sahih yake, aliona yatosha wapokezi wawili wawe wa zama moja na kukutana kwao kuwezekane, maadamu msimulizi hana sifa ya tadlis. Imam Bukhari (aliyefariki mwaka 256) ananasibishiwa sharti kali zaidi, kwamba kukutana kwao kuthibiti walau mara moja. Lakini hakuna aliyekubali mlolongo wa watu waliotenganishwa na karne.

Ngome katika ramani ni kama majina katika isnadi. Poidebard aliziunganisha akapata ukuta. Casana aliongeza nyingine akapata njia. Wote wawili wamechora mstari baina ya majengo ambayo hayajathibitishwa kuwa yalisimama siku moja. Ikiwa ngome hii ni ya karne ya pili na ile ya karne ya sita, na ya tatu ni ribati ya zama za Kiislamu, basi hazikuwahi kuonana, na umbo linaloonekana katika ramani halikuwahi kuonwa na mtu yeyote aliyeishi jangwani. Ramani imewakusanya wafu wa karne mbalimbali katika baraza moja, kisha ikauliza walikuwa wakizungumza nini.

Kwa hiyo utafiti wa Casana umebomoa kwa nguvu na umejenga kwa udhaifu. Umebomoa, kwa sababu kuonyesha kwamba ngome zimejaa pande zote kunatosha kuvunja dai la mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Kwa kazi hiyo tarehe haihitajiki sana. Lakini kusema kwamba zilikuwa mfumo wa njia za misafara kunahitaji zama moja, na zama moja hupatikana kwa vigae, sarafu na maandiko ya mawe. Watafiti wenyewe wanakiri kwamba tarehe haipatikani kutoka angani. Tatizo ni kwamba tahadhari hubaki ndani ya makala na idadi hutoka nje peke yake. Magazeti yaliandika "ngome 396 za Warumi", na khatibu wetu akalisoma hilo.

Na sisi je?

Nimrudie khatibu kwa adabu. Surat ar-Rum inazungumzia kushindwa kwa Rum na Waajemi, na kushinda kwao baadaye, katika zama za Mtume (s.a.w.). Waajemi waliutwaa mji wa Quds mwaka 614, na Heraclius akamaliza vita kwa ushindi mwaka 628. Kambi za jangwani, kama zilivyofasiriwa, ni za miaka mia tano kabla. Hazithibitishi aya wala haziipingi. Mwenye kukiegemeza Kitabu kwenye picha isiyo na tarehe, atasema nini tarehe ikija tofauti?

Lakini lipo kosa la upande wa pili, nalo ni kunyakua kila mraba na kusema ni wa Banu Umayya. Huo ni ushabiki uleule uliogeuzwa kanzu. Linalotupasa ni kazi. Al-Baladhuri ana mlango juu ya Dumat al-Jandal katika Futuh al-Buldan. Ibn Khurradadhbih aliorodhesha njia na vituo vya misafara. Yaqut al-Hamawi alikusanya majina ya visima, makasri na vijiji vya Sham na al-Jazira kwa herufi, katika Mu'jam al-Buldan. Mwanafunzi wa Kiarabu mwenye subira anaweza kuiweka ramani hii ya ngome kando ya vitabu hivyo, kituo kwa kituo, akaona wapi jina na mraba vinakutana. Kazi hiyo haihitaji ndege wala satelaiti.

Na lugha yetu yenyewe ina mchango hapa. Neno kasri tumelipata kutoka qasr ya Kiarabu, na wanaisimu wengi wanaona kwamba qasr imetokana na castra ya Kilatini, kambi ya jeshi, kupitia Kiyunani na Kiaramu. Kadhalika al-Suyuti, katika al-Itqan, amenakili kauli ya waliosema kwamba sirat ni "njia" katika lugha ya Rum. Wanaisimu wa leo wanairudisha kwenye strata, jina la barabara zilezile za mawe zilizopita jangwa la Sham. Maneno hayapenyi ukuta kirahisi, hupita njiani pamoja na watu. Hapo naona rai ya Casana ina nguvu zaidi kuliko alivyoweza kuithibitisha. Lakini nisije nikafanya nililolikataza: hii nayo ni qarina, inangoja mwenzake.

Yule kijana aliniuliza mwisho tuwaambie nini watu Ijumaa ijayo. Nilimwambia: waambie zimeonekana kuta nyingi jangwani, na zilizojengwa na Warumi hazikosekani. Zipi, na lini, bado mashahidi hawajasikilizwa.

Wallahu a'lam.